Baba mkubwa anataka kiwanja kiuzwe nikasome chuo cha "pili duniani" London

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, afisa afya, nimeolewa na nina mtoto wa kiume wa miaka minne. Kazini nimekaa miaka mitano, sehemu kubwa kwenye malaria na chanjo. Mwaka jana niliomba kusoma uzamili wa afya ya jamii London, na namshukuru Mungu nimekubaliwa vyuo viwili: Imperial College London, na London School of Hygiene and Tropical Medicine, ambacho wenyewe hukiita LSHTM. Karo ya kila kimoja inapita £25,000 na ufadhili sina.

Moyo wangu uko LSHTM. Makala za malaria tunazozisoma kazini, ukiangalia majina ya waandishi, hukosi mtu wa pale. Tatizo liko nyumbani. Tangu baba afariki, baba mkubwa ndiye anayetusimamia. Siku nilipompelekea habari alitoa simu, akafungua orodha ya vyuo bora duniani, akakuta Imperial ni cha pili. Akatafuta kile kingine, akashuka mpaka akachoka, hakukiona popote. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa ameshatangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba binti yao anakwenda chuo cha pili duniani. Pongezi zimemiminika. Uamuzi wake ni kwamba kiwanja alichotuachia marehemu baba kiuzwe. Hela itatosha karo na kubaki kidogo. Zitakazopungua, wakala aliyetusaidia kuomba vyuo anasema nitazipata kwa kufanya kazi huko huko, "wenzako wote wanalipa hivyo hivyo". Huyo huyo amemwambia mume wangu kwamba baada ya miezi mitatu yeye na mtoto watanifuata, na mume wangu ameshaanza kuuliza habari za shule za watoto London. Halafu wakala anataka amana ya chuo ipitie kwenye akaunti yake ili "mambo yaende haraka".

Mama hasemi kitu. Nikimuuliza ananijibu, "Elewaneni wewe na baba yako mkubwa." Mdogo wangu yuko kidato cha tano, na kiwanja kile ni chake pia. Nikikataa nitaonekana nimedharau wakubwa. Nikikubali, nahisi nawanyang'anya mama na mdogo wangu. Na nikuambie ukweli, Shangazi, kuna upande wa moyo wangu nao unatamani kusema nimesoma chuo cha pili duniani.

Nifanye nini?

Njia Panda

---

Marahaba mwanangu, na hongera. Kukubaliwa na vyuo hivyo viwili kwa mpigo ni kazi yako mwenyewe, wala si ya wakala. Naomba nianze na huyo huyo wakala, kwa sababu nusu ya usingizi unaoukosa ameuchukua yeye.

La mume na mtoto kukufuata, kwa hali uliyonayo sasa, halipo. Tangu Januari 2024 Uingereza imezuia wanaokwenda kusoma uzamili wa darasani kuambatana na mwenzi au watoto kwa viza ya wategemezi. Waliobakishiwa nafasi hiyo ni wanaosoma shahada za utafiti, kama uzamivu, na wenye ufadhili unaotolewa na serikali. Wewe unajilipia na kozi yako ni ya darasani. Mwambie mume wako leo, kabla hajaendelea kuulizia shule, maana kuambiwa na mkewe kutamuuma kidogo kuliko kuambiwa na ubalozi. Na hilo la ufadhili wa serikali liweke akilini, tutalirudia.

La kufanya kazi ulipie, chukua kalamu. Viza ya mwanafunzi wa shahada inakuruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Usijidanganye kwamba kiangazi utafanya kazi kutwa, kwani kwa mwanafunzi wa uzamili miezi hiyo ndiyo ya kuandika tasnifu, na mara nyingi inahesabiwa bado uko masomoni. Kima cha chini kilichoanza Aprili 2025 kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa £12.21 kwa saa. Kwa saa 20 ni £244 kwa wiki, yaani £1,060 hivi kwa mwezi, ukipata saa zote na usiugue hata siku moja. Sasa serikali yenyewe, katika masharti ya viza yaliyoanza Januari 2025, ilihesabu kwamba mwanafunzi anayeishi London anahitaji £1,483 kwa mwezi. Kwa hiyo ukichapa kazi saa zote unazoruhusiwa, bado unapungukiwa na zaidi ya £400 kila mwezi kwa chumba, nauli na chakula, na karo hujaigusa. Hao "wenzako wote" wanaolipa karo hivyo, wakala akutajie mmoja mwenye namba ya simu.

Amana isipitie kwa mtu. Chuo kina ukurasa wake wa malipo, unalipa mwenyewe kwa jina lako na namba yako ya mwombaji, na risiti inakuja kwako. Anayeng'ang'ania zipitie kwake ana sababu zake, na haraka yako si mojawapo. Ukumbuke pia kwamba mawakala wengi hulipwa kamisheni na chuo pale mwanafunzi anapojiandikisha. Si dhambi, lakini mtu wa namna hiyo humtegemei akushauri usubiri.

Kuna jambo jingine nadhani baba mkubwa hajaambiwa. Mbali na karo, viza inakutaka uonyeshe hela za kuishi za miezi 9. Kwa kiwango hicho cha Januari 2025 cha £1,483 zilikuwa £13,347, na kimeshapandishwa tangu hapo; nazo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya hapo. Akaunti iwe yako, au ya mzazi au mlezi wako wa kisheria. Ya baba mkubwa haihesabiki, hata kama ndiye aliyekulipia ada tangu chekechea. Ongeza ada ya huduma ya afya, £776 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya kozi ya mwaka mmoja kawaida hufika £1,164 kwa kuwa viza hupitiliza miezi ya kozi. Ongeza ada ya viza yenyewe, cheti cha kipimo cha kifua kikuu, tiketi ya ndege, na kodi ya chumba cha kuanzia. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma tovuti ya serikali ya Uingereza siku unayojaza fomu na usitegemee nilivyoandika mimi. Ukishajumlisha, rudi uangalie bei ya kiwanja. Nina wasiwasi hicho "kidogo" mlichoambiwa kitabaki hakipo.

Sasa vyuo.

Baba yako mkubwa hakukosea kusoma. Orodha aliyoifungua nadhani ni ya QS, kampuni inayopanga vyuo kwa ubora, na kweli matoleo ya 2025 na 2026 yameiweka Imperial ya pili duniani. Kilichomponyoka ni kwamba LSHTM haimo kwa sababu hawakipimi. Orodha ile ya jumla ni ya vyuo vyenye fani nyingi, na LSHTM kinafundisha afya tu, ngazi ya uzamili na kuendelea. Hakuna uhandisi wala sheria, na huwezi hata kwenda kusoma shahada ya kwanza pale. Ni kama kumtafuta bingwa wa marathoni kwenye jedwali la ligi ya mpira. Ukifungua orodha za somo la afya ya jamii peke yake, kama ile inayotolewa Shanghai, China, utakikuta huko juu kabisa. London imejaa mifano ya aina hii. LSE, yaani London School of Economics, ambako Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia miaka ya 1930, ni miongoni mwa vinara wa dunia katika sayansi za jamii, lakini QS ya 2025 ilikiweka cha 50 kwa jumla, kwa kuwa hakina maabara wala hospitali za kukiongezea alama. Kitivo cha elimu cha UCL, yaani University College London, kimekuwa cha kwanza duniani kwenye orodha ya somo la elimu kwa mfululizo wa miaka zaidi ya 10, huku UCL yenyewe kwa jumla ikiwa ya 9. Na mtu akiniambia anataka kusoma masuala ya maendeleo, orodha ya QS ya somo hilo itamtoa London kabisa impeleke Chuo Kikuu cha Sussex, karibu na Brighton.

Kwa hiyo unauliza kozi, na watu wanaoifundisha. Imperial ina kikundi kikali sana cha hesabu za milipuko ya magonjwa. Ndicho kilichotoa makadirio ya Machi 2020 yaliyoitikisa serikali ya Uingereza kuhusu korona. Kama ungeniambia unataka kukaa na kompyuta utabiri wimbi la surua litafika lini na kwa nani, ningesema nenda Imperial usigeuke nyuma. Ila baba mkubwa asikutume upige picha mbele ya ukumbi wa Royal Albert Hall, jirani na kampasi kuu ya Imperial, kwani afya ya jamii ya Imperial iko White City, magharibi zaidi. Afya ya akili ningekuelekeza King's College, upande wa Denmark Hill, jirani na hospitali ya Maudsley. Sera, mipango na fedha za afya, kuna kozi ambayo LSE na LSHTM wanaifundisha pamoja.

Wewe umetaja malaria na chanjo. Umetaja pia, bila kujua uzito wake, kwamba majina ya waandishi unaowasoma ni ya LSHTM. Hicho ndicho kipimo. Chuo kile alikianzisha Patrick Manson mwaka 1899, daktari aliyeonyesha kwamba mbu hubeba minyoo ya matende. Jengo lake la Keppel Street, Bloomsbury, lilifunguliwa 1929, na kwenye vibaraza vya madirisha yake wamebandika wadudu wa shaba waliopakwa dhahabu: mbu, kiroboto, kunguni, mbung'o, na panya naye yumo. Dakika chache kwa miguu unafika Senate House na maktaba ya Chuo Kikuu cha London, na jirani yake SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, ambako hati za tenzi zetu za kale zimetunzwa, kama siku moja utachoka na takwimu. Kazi yao na watu wa kwetu nayo si ya maneno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifanya utafiti Mwanza pamoja na NIMR, taasisi ya Tanzania ya utafiti wa tiba, na shirika la afya la AMREF, wakaonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Matokeo yalichapishwa 1995 na yakasomwa dunia nzima.

Hapo kwenye chuo nimemaliza: kwa kazi yako, LSHTM. Hata hivyo, ufadhili kamili ukikujia kwa jina la Imperial, pokea, funga mzigo, na mimi sitakuandikia neno la kukuzuia. Na huo upande wa moyo unaotamani namba mbili wala usiuonee aibu. Jina kubwa lina faida yake, kuna waajiri wasiosoma zaidi ya mstari wa kwanza wa wasifu. Ninachosema ni kwamba faida hiyo haifikii bei ya ardhi ya watu watatu.

Maana kiwanja nacho tukitaje. Ni cha marehemu baba yako. Warithi mliotajwa hapa ni mama, wewe na mdogo wako, na kama mirathi haijafunguliwa mahakamani na msimamizi hajateuliwa, hata mnunuzi makini atasita kutoa hela. Ukimya wa mama unausoma kama ridhaa. Mimi nausoma vingine. Mwanamke anayesema "elewaneni" kuhusu ardhi ya mumewe mara nyingi anangoja mtu mmoja amuulize faraghani, tena mara mbili.

Basi fanya hivi. Andika barua pepe kwa vyuo vyote viwili uombe kuahirisha nafasi yako mpaka mwaka unaofuata. Hawalazimiki kukubali, lakini ni ombi la kawaida, na wakikataa unaomba upya ukiwa na nyaraka zote tayari. Mwaka huo ni wa kutafuta ufadhili kwa nguvu. Chevening ni ya serikali ya Uingereza: inalipa karo, tiketi na posho ya kuishi kwa uzamili wa mwaka mmoja. Wanataka uwe na saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, na wewe una mitano. Fomu kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba, unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Unaweza kuweka LSHTM na Imperial zote mbili kwenye fomu hiyo hiyo, na baba mkubwa hapo hana la kulalamika. Upande wa pili kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Hizi zote ni hela za serikali, ndiyo maana nilisema uweke akilini: ukizipata, mlango wa mume na mtoto kukufuata unafunguka tena, ingawa Chevening haitawalipia wao.

Insha za Chevening ndizo zinazowaangusha wengi. Watu huandika kwamba wanapenda kusaidia jamii. Wewe andika kampeni ya chanjo uliyoisimamia: kijiji gani kilikataa, ulikaa na nani, mkakubaliana nini, siku ya pili walikuja wangapi. Hayo unayo kichwani, yatoe.

Na ipo njia nyingine ambayo wakala hakuitaja kwa sababu haihitaji viza. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikitoa shahada kwa watu walio mbali tangu 1858. Mandela alisoma sheria kwa mpango huo akiwa kifungoni. LSHTM huendesha kozi zake za masafa ndani ya mpango huo huo, ikiwemo afya ya jamii na epidemiolojia. Unalipa kwa kadiri unavyochukua moduli, unasoma usiku mtoto akishalala, mshahara unaingia, na gharama yake yote iko chini sana ya kwenda kukaa London. Cheti ni cha Chuo Kikuu cha London, chini ya usimamizi wa kitaaluma wa LSHTM. Jumuiya ya Madola nao hufadhili baadhi ya kozi za masafa kila mwaka. Utakosa maktaba, mihadhara ya ana kwa ana na kufahamiana na watu, na sitajifanya hasara hiyo ni ndogo, kwa fani yako watu unaokaa nao darasani ndio utakaowapigia simu mlipuko ukitokea. Ndiyo maana nimeiweka ya pili. Ila kama mwaka wa ufadhili ukipita mikono mitupu, hii ianze bila kuuza hata tofali.

Kumbe ngumu zaidi ni kikao na baba mkubwa. Usimjibu kwenye kundi la ukoo, hata akiweka tena lile tangazo. Nenda kwake na mama, jioni akiwa ametulia, ukiwa na karatasi moja yenye hesabu kwa mwandiko wako: karo, hela za kuishi za miezi 9, ada ya huduma ya afya, tiketi, na chini yake bei ya kiwanja. Anza kwa kumshukuru, na umaanishe, kwa sababu mzee aliye tayari kuuza ardhi ili mtoto wa kike asome si wa kubezwa. Kisha mpe karatasi anyamaze nayo. Usimfundishe habari za orodha. Muonyeshe picha ya yule mbu wa dhahabu kwenye kibaraza na umweleze habari ya Mwanza, hiyo ataisimulia mwenyewe kesho yake. Mwombe awe yeye atakayeutangazia ukoo kwamba safari imesogezwa mwaka mmoja kwa sababu binti anawania ufadhili wa serikali ya Uingereza. Tangazo hilo ni kubwa kuliko lile la kwanza, na linamtoka yeye kinywani.

Akikasirika mwache akasirike siku mbili tatu. Barua za kuahirisha zisisubiri hasira yake ipoe, zitume wiki hii, na amana usilipe mpaka zijibiwe. Mdogo wako naye mwite kwenye kikao. Mtu wa kidato cha tano anajua kujumlisha.

Shangazi